Ukuta Uliokunywa Rangi

Alhamisi hiyo umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo Mwalimu Biti aliwapigia vijana mdundo kwa mdomo, huku kiganja kikigonga kifua na kisigino kikigonga sakafu. Vijana ishirini na wawili walimzunguka duara katika ukumbi wa shule ya msingi, wengine bado na vumbi la kazi, wengine na sare za sekondari. Kila mmoja aliingia katikati kwa zamu, akasema mistari yake, akatoka.

Cheti cha Mwalimu Biti kilikuwa na jina jingine, lakini hakuna aliyelitumia. Alikuwa amefundisha Kiswahili shuleni hapo miaka kumi na mitatu. Ujanani alikuwa mcheza dansi wa mitaani, wa wale wanaozunguka kwa kichwa juu ya kipande cha boksi, na goti la kushoto lilikuwa halijamsamehe mpaka leo. Miaka mitatu nyuma aliwakuta vijana watano wamekaa kwenye ngazi za ukumbi, wakitupiana mistari kwa kutukanana. Akasimama kuwasikiliza. Walipomaliza aliwaambia kwamba matusi yao yana vina vizuri ila mizani imepotea njia. Wakacheka, wakamuuliza mizani ni nini. Ndivyo kikundi kilivyoanza.

Siku hizi kulikuwa na wanaoghani, wanaocheza, wanaochora ukutani, na mmoja aliyejua kuchanganya muziki, ambaye wenzake walimwita Mashine. Wawili walikuwa wameingia wakiwa hawajui kusoma sawasawa, wakajifunza kwa sababu walichoka kuwaomba wenzao wawasomee mistari yao wenyewe.

Duara lilikuwa na sheria zake. Mtu akiwa katikati hakatizwi. Ukisema jambo, ueleze umelijuaje: umeona, au umesikia? Na ukimtaja mtu kwa ubaya, mtu huyo apewe nafasi ya kujibu kabla mistari haijatoka nje ya ukumbi. Hiyo ya mwisho Mwalimu aliitunga baada ya kijana mmoja kumsingizia mwenye duka, na nusura ukumbi ufungwe.

Zamu ikamfikia Sindano. Alikuwa msichana wa miaka kumi na sita, mwembamba kama ufagio, na sauti nene ambayo ukiisikia kabla ya kumwona unamtafuta mtu mwingine. Mama yake alikuwa mfagizi wa zahanati iliyokuwa nyuma ya shule. Miezi miwili nyuma, katika mvua kubwa, ukuta wa shule ulianguka upande wa kushoto wa lango na kumvunja mguu mdogo wake, mtoto wa miaka saba aliyekuwa amejibanza pale akingoja mvua ipungue.

Sindano hakupandisha sauti. Alianza polepole:

*Walisema ni mvua, mvua ikabebeshwa kesi,*
*haina mdomo wa kujitetea, kuisingizia ni wepesi.*
*Nikaenda na kijiko, nikakwangua kwenye ungio,*
*mchanga ukanimwagikia kama unanipa kilio.*
*Saruji ilikwenda wapi? Nani ataniambia?*
*Mdogo wangu ana miaka saba, na usiku analia.*
*Upande mmoja umelala, mwingine bado wima,*
*tumeupaka rangi nzuri, lakini hauna uzima.*

Kisigino cha Mwalimu kilikuwa kimesimama, naye hakujua kimesimama saa ngapi.

"Umeona, au umesikia?" mtu mmoja akauliza kwa mazoea.

Sindano akaingiza mkono mfukoni, akatoa bonge la kijivu lenye ukubwa wa yai. Akalifinya kwa vidole viwili tu. Likawa unga, ukamwagika sakafuni.

"Hili si la upande ulioanguka," alisema. "Nimelitoa upande wa kulia. Ule tuliouchora."

Kiongozi wa wachoraji, kijana waliyemwita Rangi, alipiga paji la uso. "Ndiyo maana! Jamani, ule ukuta tumeupaka mara tatu. Unamimina ndoo, unageuka kuchovya brashi, ukirudi kumekauka kama hujafanya kitu. Nikasema labda rangi imechakachuliwa. Kumbe ukuta ndio mlevi!"

Duara zima likaangua kicheko. Mwalimu Biti aliinama akafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Jumamosi ilikuwa siku ya wazazi. Afisa elimu angekuja. Kikundi kilikuwa na nusu saa ya kuonyesha kazi zake, na Mwalimu Mkuu alikuwa amekwisha kuamua wageni wakae upande wa kulia wa lango, ili ule mchoro mkubwa, wa watoto wenye vitabu vinavyogeuka kuwa ndege, uonekane nyuma yao kwenye picha.

Vijana walipotawanyika, Sindano alibaki akikunja mikono ya sweta yake.

"Mwalimu, kuna mstari mmoja sijausema."

"Upi?"

"Wa jina."

Mwalimu Biti alivuta kiti, akakaa. "Unalijua?"

"Nalijua. Nimeuliza watu watatu, na wote wamesema jina moja." Sindano alitazama chini, kisha akainua macho. "Kama ingekuwa ni mtu mwingine ningemfuata mwenyewe. Lakini huyu akiniona atanifukuza. Wewe na yeye mnakaa nyumba moja. Naomba umuulize, ajibu. Ndiyo sheria, au siyo?"

"Ndiyo sheria," alisema Mwalimu.

Walitoka pamoja mpaka ukutani. Alichagua mahali palipokuwa nyuma ya bawa la ndege mmoja, akachomeka ufunguo wa nyumba yake kati ya tofali na tofali. Alitarajia ugome. Uliingia mpaka kwenye kishikio, taratibu, kama unaingia kwenye siagi. Akauchomoa. Akajaribu hatua tano mbele. Ukaingia tena.

"Nimekuelewa," alimwambia Sindano. "Nenda nyumbani. Nitamuuliza."

Binti yake wa mwisho alikuwa akimngoja langoni na begi mgongoni. Nyumbani walimwita Chiriku, na aliyempa jina hilo hakukosea, maana mtoto huyo alikuwa akizungumza hata akiwa anapiga mswaki. Alikuwa darasa la pili. Mwalimu alimshika mkono, wakaanza kuondoka, na mara Chiriku akamvuta, akamzungusha njia ndefu kupitia katikati ya uwanja.

"Mbona tunazunguka kama tumepotea?"

"Huku hatupiti, mama."

"Kwa nini hatupiti?"

"Baba amenikataza. Nisiuguse ukuta, nisikae kwenye kivuli chake, nisipite karibu."

"Alikukataza baada ya yule mtoto kuumia?"

"Hapana. Zamani. Nikiwa chekechea." Chiriku akaziba mdomo kwa mkono, macho yakamtoka. "Ilikuwa siri yetu. Sasa usimwambie kwamba nimekwambia. Ukimwambia, mimi nitasema hukunisikia vizuri."

Mwalimu alitembea naye mpaka nyumbani. Chiriku alisimulia habari za kaka mmoja aliyemeza kifutio, na mama yake aliitikia "ehee" mahali panapostahili. Jioni hiyo mume alituma ujumbe kwamba atalala kwenye kazi, kwa sababu wanamwaga zege alfajiri. Akashukuru. Kisha akajichukia kwa kushukuru.

Ijumaa aliomba ruhusa ya vipindi viwili, akamfuata huko huko.

Watu wote walimwita Fundi, hata mama mkwe. Alikuwa akijenga nyumba ya ghorofa moja, na alikuwa juu ya jukwaa la mbao, mwiko mkononi, pimamaji mfukoni. Alipomwona mkewe chini, kati ya lundo la kokoto na pipa la maji, alishuka haraka.

"Mama Chiriku! Kuna nini? Mtoto mzima?"

"Mtoto mzima. Nataka kukuuliza kitu, na ukinijibu naomba usinizungushe."

Walisimama ndani ya chumba kisicho na paa. Sakafu ilikuwa mbichi, kwa hiyo wote wawili walikuwa wamesimama juu ya ubao mmoja, karibu karibu kama watu walio kwenye foleni.

"Ukuta wa shule," alisema. "Ule wa kulia, uliobaki. Ni sawa na ule ulioanguka?"

Fundi alifuta mwiko kwenye suruali, upande wa kwanza, kisha wa pili. "Nani amekutuma?"

"Watoto wa kikundi wameukwangua. Ni mchanga mtupu. Mimi mwenyewe nimechomeka ufunguo."

"Watoto." Alicheka kidogo, bila furaha. "Wamekuwa wahandisi siku hizi? Si walikuwa wanaruka ruka na kupiga kelele?"

"Nimekuomba usinizungushe."

"Mvua ile iliangusha vitu vingi, mke wangu."

"Ulimkataza Chiriku kupita pale akiwa chekechea. Mvua ilikuwa bado haijanyesha."

Mwiko ukasimama. Juu yao kibarua mmoja alikuwa akipiga mluzi. Fundi alimkemea anyamaze, kisha akarudisha sauti chini kabisa.

"Saruji ilikuja nusu," alisema. "Nusu, basi. Nondo za nguzo hazikuja kabisa. Nikamfuata Mwalimu Mkuu, nikamwambia, mzee, hapa hapajengeki. Akaniambia malizia na hiyo hiyo, mgeni anakuja kuzindua Jumatatu, vingine vitaletwa tutaongezea baadaye. Vikaletwa? Sikuona. Nikaulizia mara mbili. Mara ya tatu akaniambia kama kazi imenishinda niseme, mafundi wapo wengi."

"Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Wewe ungefanya nini?"

"Ukamwambia mwanao apite mbali. Watoto mia sita ukawaacha wapite karibu."

Hapo Fundi alimgeukia kwa hasira, ubao ukayumba, na kila mmoja akamshika mwenzake mkono ili asikanyage sakafu mbichi. Walibaki wameshikana hivyo, wakipumuliana usoni.

"Unataka nini?" alinong'ona. "Nifungwe? Nani atanipa kazi tena mji huu? Nifungwe kwa ajili ya mashairi ya watoto?"

"Kesho wageni watakaa chini yake. Kuna msichana anauliza, na ni haki yake kujibiwa. Mtoto aliyevunjika mguu ni mdogo wake."

Fundi aliuachia mkono wake. Akapanda jukwaani, na kutoka chini mkewe alimwona akiweka tofali, akiligonga kwa mpini wa mwiko, akipima, akiligonga tena. Tofali lile lile.

Kutoka hapo Mwalimu Biti alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Mwalimu Mkuu. Ilikuwa ofisi ndogo yenye makabati mawili ya chuma na kombe la mpira wa pete lililogeuzwa kuwa chombo cha kalamu. Alimweleza kwamba ukuta wa kulia si salama, kwamba wageni wahamishiwe chini ya miti ya nyuma, na kwamba ukuta ubomolewe kabla ya Jumatatu.

Mwalimu Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa heshima, asiyepandisha sauti hata kwa mwanafunzi aliyekutwa na kosa.

"Mwalimu, ukuta umekaguliwa na nani? Una ripoti?"

"Sina ripoti. Nina ufunguo wa nyumba yangu. Njoo nikuonyeshe."

"Ufunguo." Alitabasamu. "Nimesikia kuna mistari inayoandaliwa kuhusu jambo hili. Ukumbi huu nimewapa kwa sababu yako. Mnaelimisha vijana, nakubali, wameacha hata kukaa kwenye kona na kusumbua watu. Lakini kesho ikisomwa mistari ya kuitia shule aibu mbele ya afisa, kikundi hicho hakitakuwepo Jumatatu. Tuelewane kama ndugu." Akachukua kalamu kutoka kwenye kombe. "Na kama una wasiwasi sana na ukuta, kwa nini usimuulize fundi aliyeujenga?"

Alisema hivyo huku akimtazama machoni. Alikuwa akijua kwamba Mwalimu Biti anajua fundi huyo ni nani.

Hapo ndipo Mwalimu Biti alipopaswa kusema: nimemuuliza, na amenijibu. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Aliyaona yakitoka, akaona na yatakayofuata: polisi mlangoni, Chiriku akiulizwa na wenzake darasani. Akasema, "Sawa, Mkuu," akatoka. Kwenye korido alisimama akiwa ameegemea ukuta wa darasa la tano, na ndani watoto walikuwa wakiimba jedwali la saba kwa mdundo aliowafundisha yeye.

Jumamosi iliamka na wingu. Alfajiri mvua ilinyesha kidogo, ikaacha uwanja umelowa, na kufika saa tatu upepo ukaanza. Mwalimu Biti alisimama langoni. Wahudumu wa shule walikuwa wamefunga turubai kubwa ili wageni wasinyeshewe. Upande mmoja lilishikwa na miti iliyochimbiwa ardhini. Upande wa pili kamba zake zilipitishwa juu ya ukuta na kufungwa kwenye vigingi vya nje, barabarani. Kila upepo ulipovuma turubai lilijaa, kamba zikakazika, na mchoro wa ndege ukawa kama unapumua.

Chini yake wazazi walikuwa wamejaa kwenye mabenchi. Mbele kulikuwa na viti vyenye vitambaa. Afisa elimu, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alikuwa amekaa karibu na Mwalimu Mkuu. Watoto wadogo, wengi wao, walikuwa wamekaa chini kabisa, migongo ikiwa imeegemea ukutani.

Sindano alimfuata. Nyuma yake alikuja mama yake na sare ya zahanati, amembeba mtoto mwenye mguu uliofungwa plasta kuanzia kwenye kifundo mpaka pajani.

"Amejibu?"

"Amenijibu mimi. Wewe hajakujibu."

"Basi nitasema hajajibu," alisema Sindano. "Mwalimu, wametegesha spika wapi? Unaona?"

Mashine alikuwa ameweka spika mbili kubwa mita moja kutoka ukutani, na alipojaribu sauti, ule mdundo wa chini ulimwingia Mwalimu kwenye nyayo. Kipande cha rangi iliyoganda na mchanga, kidogo kama kucha, kilidondoka kutoka kwenye mkia wa ndege. Mtoto mmoja akakiokota, akakitazama, akamrushia mwenzake.

Mwalimu Biti alichukua kipaza sauti kabla hajaitwa.

"Watoto wote!" alisema, akajilazimisha kucheka. "Nani anajua duara?"

"Miiiimi!"

"Duara letu leo liko hapa, katikati ya uwanja. Atakayefika wa mwisho atacheza peke yake! Moja, mbili..."

Watoto wakaruka kama panzi. Katika nusu dakika ukuta ukabaki bila mtoto hata mmoja. Akamwashiria Mashine azime muziki, akaanza kupiga mdundo kwa mdomo, na wachezaji wakaingia katikati wakizunguka juu ya tope, watoto wakipiga makofi. Wazazi walicheka na kushangilia, lakini hakuna aliyenyanyuka. Kwao lile lilikuwa onyesho, nao walikuwa na viti vizuri. Akasema, "Na wazazi je, hamna nguvu?" Baba mmoja akajibu kwa sauti, "Magoti yetu yamestaafu, Mwalimu!" na mabenchi yote yakacheka. Upepo ukavuma. Kamba zikalia.

Sindano akachukua kipaza sauti, akaingia katikati ya duara bila kuitwa. Akasema mistari yake yote minane, polepole, kila neno peke yake. Alipofika kwenye mchanga uliomwagika kicheko kilikuwa kimekwisha. Alipofika kwa mdogo wake watu waligeuka kumtafuta mtoto, wakamwona. Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama.

"Kuna mstari umebaki," alisema Sindano. "Ni wa jina. Kwa sheria yetu, mwenye jina huombwa ajibu kwanza. Aliombwa jana." Akamgeukia Mwalimu Biti, akamnyooshea kipaza sauti. "Mimi sijui alichojibu."

Watu wote wakamtazama yeye. Chiriku alikuwa mbele kabisa ya duara, tope mpaka magotini, akimtazama vile vile.

"Aliyejenga ukuta huo," alisema Mwalimu Biti, "ni mume wangu."

Turubai likajikunjua juu ya wageni.

"Nilimuuliza jana. Hakukana. Saruji ilikuwa nusu, nguzo hazina nondo, na upande uliobaki ni sawa na ulioanguka. Naomba mliokaa hapo mnyanyuke sasa, taratibu, mje huku. Msikimbie. Msishike kamba."

"Mwalimu amechoka," Mwalimu Mkuu alisema akitabasamu kwa wageni. "Maandalizi yamekuwa mengi. Tukae tu, tafadhali..."

Wengine waliokuwa wamenyanyuka nusu wakarudi kukaa. Afisa elimu alivaa miwani, akapita kati ya mabenchi mpaka ukutani, akachomoa kalamu kwenye mkoba, akaichomeka kati ya tofali na tofali. Kalamu ikazama yote. Akaiacha huko huko.

"Nyanyukeni," alisema. "Wote. Sasa hivi."

Benchi la kwanza likatoka, la pili likafuata, bibi mmoja akainuliwa na kiti chake. Wa mwisho walikuwa bado hawajafika katikati ya uwanja ulipokuja upepo mkubwa kuliko yote. Turubai likavimba. Juu ya ukuta, kati ya ndege na ndege, ukafunguka ufa mweusi ambao kila mtu aliuona.

"Kateni kamba!" mtu akapiga kelele.

"Msikate!" Sauti hii ilitoka langoni. Fundi alikuwa ametupa baiskeli chini. Baadaye alisema kwamba aliondoka kazini kabla hajapigiwa simu na mtu yeyote, na wapo waliomwamini. "Ukikata za barabarani kwanza turubai litauvuta ukuta! Acheni!"

Akapita kati ya watu, akaingia chini ya turubai, akaanza na miti ya upande wa uwanja. Kisu chake kilikuwa cha kukatia kamba za timazi, kidogo mno kwa kazi ile, na alikata akiwa amepiga magoti, mgongo wake ukiuelekea ukuta. Mti wa kwanza ukaachia. Wa pili. Chiriku aliita, "Baba!" mara moja tu, na mama yake akamshika akambana kwenye tumbo. Mti wa tatu. Upepo ukashuka kidogo, na kwenye wa nne turubai likaporomoka kama shuka, likamfunika. Alitoka upande wa pili akitambaa.

Alikuwa amefika hatua kumi tu ukuta ulipoachia. Haukuanguka wote. Safu tatu za juu zililala ndani, polepole, juu ya benchi la nyuma, na benchi likakatika katikati kwa sauti kama ya kuni. Vumbi likapanda, na rangi ya bluu ikiwa imo ndani yake.

Watoto walianza kulia baadaye, kilio kikapita kutoka kwa mmoja hadi mwingine.

Fundi alisimama mbele ya watu, kichwa kimejaa vumbi. Hakupewa kipaza sauti wala hakukihitaji. "Ni kweli," alisema. "Ukuta nimejenga mimi. Nilijua ni mbovu siku ile ile. Nilimwambia Mkuu, akaniambia nimalizie. Nikamaliza." Akamtafuta Sindano kwa macho. "Hilo ndilo jibu langu. Sina jingine."

Mama yake Sindano alimkabidhi mwanawe mtoto, akamwendea Fundi. Watu walidhani atampiga. Alisimama karibu naye sana, na aliongea kwa sauti ya chini, lakini Mwalimu Biti alikuwa karibu akasikia.

"Wa kwako ulimwambia?"

Fundi akainamisha kichwa.

"Basi sina la kukuambia," mama yule alisema, akarudi kwa wanawe.

Jumatatu ukuta uliosalia ulivutwa kwa kamba na wanaume sita, na haukuhitaji wanaume sita. Uchunguzi ulifunguliwa. Fundi aliandika maelezo kurasa nne, akazuiliwa siku mbili, akaachiwa kwa dhamana akisubiri kuitwa tena. Mwalimu Mkuu alisimamishwa kazi. Aliporudi kuchukua vitu vyake hakumsalimu Mwalimu Biti, na walimu wawili ambao Mwalimu Biti alikuwa akinywa nao chai kila siku wakahamia meza nyingine. Wapo mtaani waliosema ni mwanamke jasiri, na wapo waliosema mwanamke gani anamwanika mumewe hadharani kama nguo. Alizisikia kauli zote mbili sokoni, siku moja, katika foleni moja.

Fundi alihamia kwa kaka yake. Alisema nyumba imemwia ndogo. Kwa wiki tano alikuwa akija jioni kumwona Chiriku, anakaa kwenye ngazi ya nje, na mtoto anapeleka maneno.

"Baba anauliza kama ada ya sare imelipwa."

"Mwambie imelipwa."

"Baba, mama amesema imelipwa. Kwani nyie hamsikiani? Mimi nachoka."

Kikundi hakikufutwa, lakini ukumbi ulifungwa mpaka uchunguzi umalizike, kwa hiyo walihamia kwenye banda la kungojea wagonjwa, nyuma ya zahanati. Mama yake Sindano ndiye aliyewaombea, kwa sharti kwamba wakitoka wanapiga deki. Wazazi kadhaa walianza kuja wenyewe, wakakaa pembeni kusikiliza. Sasa vijana waliandika kuhusu bomba lililopasuka, kuhusu daktari asiyefika, na mmoja aliandika kuhusu samahani aliyokuwa akidaiwa na kaka yake. Sindano kwa muda mrefu hakuandika chochote. Alisema bado anausikia ule mlio wa benchi.

Katika wiki ya sita, Jumapili mchana, Mwalimu Biti alikuwa akisahihisha insha mezani, akasikia mlango ukisukumwa. Fundi alisimama kizingitini na begi lake la nguo.

"Kaka amenichoka," alisema.

"Ni haki yake."

Alibaki kizingitini akimtazama mkewe akisahihisha ukurasa mzima. "Kazi sina. Na kesi sijui itaisha lini."

"Najua."

"Wewe bado una hasira na mimi?"

Mwalimu aliweka kalamu chini. Alifikiri sana kabla ya kujibu, kwa sababu hakutaka kusema kitu ambacho si kweli, hata kwa kumwonea huruma.

"Nina hasira," alisema. "Na mimi mwenyewe nilinyamaza mbele ya Mkuu siku ile, kwa ajili yako na kwa ajili yangu, na watoto wakakaa pale asubuhi yake. Hilo nalo sijui nilipeleke wapi."

Fundi aliitikia kwa kichwa polepole. Akaingiza begi ndani, akafunga mlango, akauliza kama kuna chakula. Akaambiwa kipo jikoni, akipashe mwenyewe. Alikwenda. Kwa muda kidogo alisikika akitafuta kibiriti kwenye droo zote zisizo na kibiriti, na Mwalimu alimwacha atafute.